Amri moja tu: jinsi SSH ilivyoingia katika utunzaji wa msimbo

Katikati ya miaka ya 1990, waandishi wa programu walioishi mbalimbali walikuwa tayari wakishirikiana kwa CVS, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ambao Dick Grune aliuanzisha Amsterdam mwaka 1986. Kila badiliko la msimbo liliwekwa kumbukumbu, lakini njia ya kufika kwenye seva haikuwa na ulinzi. Programu ya rsh, iliyotoka Berkeley, Marekani, iliamini jina la kompyuta inayopiga hodi. Njia nyingine, pserver, ilisafirisha nenosiri likiwa limevurugwa kidogo tu, na aliyelinasa alilifumbua mara moja.

Mwaka 1995 wadukuzi walinasa manenosiri katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika SSH, inayosimba mawasiliano yote kati ya kompyuta mbili. Aliitoa bure Julai mwaka huohuo.

CVS haikuhitaji kuandikwa upya ili kuipokea. Katika njia ya rsh, ilituma programu nyingine iende kwenye seva, iendeshe huko amri `cvs server`, kisha mazungumzo yote yapitie humo. Mtumiaji aliandika `CVS_RSH=ssh`, na msimbo ukaanza kusafiri kwa siri.

Msimamizi wa seva naye alipata silaha yake. Katika faili la `authorized_keys`, mbele ya ufunguo wa umma unaomtambulisha kila mtu, aliweza kutaja amri inayoruhusiwa. Mwenye ufunguo akiomba nyingine, seva huendesha ileile iliyotajwa. Hivyo mchangiaji anawasilisha kazi yake bila kukabidhiwa seva nzima.

Desemba 1999 mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD ulitoa OpenSSH, toleo huru la SSH lililoenea duniani kote. Mfumo mwingine wa kutunza msimbo, Subversion, ukafuata utaratibu uleule kwa kuamsha `svnserve -t`. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huita `git-upload-pack` kuchukua msimbo kutoka kwenye seva na `git-receive-pack` kuuwasilisha huko. Tangu 2016, `core.sshCommand` humruhusu mtumiaji kuchagua ufunguo tofauti kwa kila mradi.

Mifumo imebadilika, kanuni imebaki: mgeni apewe kazi yake, asipewe nyumba. Kila anayesimamia seva leo, hata ya kampuni ndogo, anapaswa kuizingatia kabla ya kuongeza ufunguo mpya, kwa sababu ufunguo usio na mipaka ukiibwa, mwizi naye hatakuwa na mipaka.