Kutoka Kehancha hadi shule teule za wasichana: Mtihani si kikwazo pekee

OKTOBA inapoelekea ukingoni, wasichana wa Kehancha na viunga vyake katika kaunti ya Migori hushika kalamu kufanya mtihani ambao matokeo yake huamua ni nani atakayevuka lango la shule teule ya bweni na ni nani atakayebaki nyumbani. Wazazi wengi hudhani kwamba mwana akishatoka katika chumba cha mtihani, kazi imekwisha. La hasha. Kati ya siku hiyo na siku ya kuripoti shuleni mna uteuzi, stakabadhi, karo na likizo ndefu ambayo, kwa msichana wa jamii ya Abakuria, imekuwa hatari kuliko swali lolote la Hisabati.

Makala haya yanaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, ili mzazi asipoteze nafasi ya bintiye kwa kutojua.

Mitihani iliyotangulia

Kuchujwa kwa wanafunzi kwa njia ya mtihani si jambo geni nchini. Shule ya Upili ya Alliance Girls ilipoanzishwa mwaka wa 1948, ikiwa na jina la African Girls' High School, wasichana Waafrika waliopata elimu ya upili walikuwa wachache mno, na nafasi ziligombaniwa na nchi nzima. Baada ya uhuru ukaja mtihani wa CPE, uliofanywa katika darasa la saba. Mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulileta KCPE katika darasa la nane. Katika miaka yake ya baadaye mtihani huo ulikuwa na alama 500, na kila kijiji kilijua alama za mtoto aliyeongoza.

Kwa muda mrefu shule za kitaifa zilikuwa 18 pekee, na zilizokuwa za wasichana zilihesabika kwa vidole. Kuanzia 2011 serikali ilipandisha hadhi shule nyingine hadi idadi ikapita 100, nia ikiwa kila kaunti ipate yake. Katika eneo la Nyanza Kusini, Shule ya Wasichana ya Asumbi, iliyoko kaunti jirani ya Homa Bay, ni miongoni mwa zilizopandishwa.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Mahali pake pamechukuliwa na mtaala wa umilisi, ambao mchujo wake mkuu huja mwishoni mwa Gredi ya 9 kupitia mtihani wa KJSEA. Watahiniwa wa kwanza waliufanya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2025, wakaripoti katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10, kuanzia Januari 12, 2026.

Alama zinavyohesabiwa

Tofauti kubwa na enzi ya KCPE ni kwamba matokeo hayategemei juma moja la mtihani. KJSEA yenyewe huchangia asilimia 60. Asilimia 20 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 iliyosalia hutokana na KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6. Kwa hivyo msichana anayetaka shule teule huanza kujijengea nafasi, au kuibomoa, akiwa na umri wa miaka 11 au 12.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika maeneo ya kilimo kama Kuria. Binti anayezuiliwa nyumbani kuvuna mahindi, kukausha tumbaku au kulea mdogo wake wakati darasa linafanya kazi ya mradi hupoteza alama ambazo hazirudi. Zamani aliweza kufidia kwa kukesha akisoma muhula wa mwisho. Siku hizi alama hizo huwa zimekwisha kutumwa kwa Baraza la Mitihani (Knec).

Masomo ya sekondari ya msingi ni tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Jamii, Masomo ya Awali ya Kiufundi, Kilimo, Sanaa Bunifu na Michezo, na Elimu ya Dini. Kila somo hupimwa kwa viwango vinne vya matarajio: kuyazidi, kuyafikia, kuyakaribia na kuwa chini yake. Kila kiwango kimegawanywa mara mbili, hivyo pointi huanzia moja hadi nane. Anayepata pointi nane katika kila somo huwa na jumla ya 72.

Kuteua shule

Mwanafunzi huteua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mkondo huo huchagua masomo matatu, mbali na yale ya lazima. Mzazi ahakikishe kwamba shule anayoitamani inatoa masomo hayo, maana si kila shule ina mikondo yote mitatu. Binti anayetaka kuwa daktari akijaza masomo yasiyo na Biolojia na Kemia kwa sababu tu shule ni maarufu, atakuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Shule zenyewe zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4, ambayo kwa jumla yanafuata ngazi za zamani: za kitaifa, za ngazi ya juu ya kaunti, za kaunti, na za kutwa za kaunti ndogo. Katika uteuzi wa 2025, kila mwanafunzi alijaza shule 12. Tisa zilikuwa za bweni, tatu kati yake za kaunti ya nyumbani na sita za nje. Zile tatu za mwisho zilikuwa za kutwa, karibu na nyumbani.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wapo wanaojaza majina makubwa pekee katika kila nafasi, kisha binti akikosa alama hizo anapelekwa mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Ni busara kuchanganya: shule mbili tatu za ndoto, kadhaa za kiwango anachokifikia katika mitihani ya shuleni, na zile za kutwa zichaguliwe kwa makini kana kwamba ndiko atakakokwenda. Kwa msichana wa Kehancha, shule za bweni za wasichana za karibu ni kama Moi Nyabohanse katika Kuria Magharibi na Ulanda karibu na Awendo. Homa Bay kuna Ogande na Asumbi. Umbali si aibu, lakini nauli hulipwa kila muhula.

Iko pia njia ya pembeni. Starehe Girls' Centre, iliyofungua milango mwaka wa 2005, iliundwa kwa ajili ya wasichana werevu kutoka familia maskini, na anayeitaka hujaza fomu inayoeleza hali ya nyumbani. Baadhi ya shule za kibinafsi nazo huwa na mitihani na mahojiano yao. Mwalimu mkuu aulizwe mapema, kwani fomu za aina hii hazingoji matokeo.

Stakabadhi

Cheti cha kuzaliwa ndicho mzizi wa yote. Mtoto husajiliwa kwa mtihani kwa majina yaliyo ndani yake, na kosa la herufi moja hufuatana naye hadi chuo kikuu. Kuria ni eneo la mpaka. Familia nyingi zina jamaa upande wa Tarime nchini Tanzania, na wapo watoto waliozaliwa huko au waliozaliwa nyumbani bila mkunga wa hospitali. Mzazi wa namna hiyo asingoje Gredi ya 9. Aanze kwa chifu na ofisi ya usajili mtoto angali shule ya msingi.

Aidha, nambari ya mtahiniwa ihifadhiwe nyumbani kwa maandishi. Ndiyo hutumiwa kutazama matokeo na shule aliyopangiwa, na kupata barua ya kujiunga.

Karo

Kwa miaka mingi mwongozo wa serikali ulimtaka mzazi wa shule ya kitaifa alipe Sh53,554 kwa mwaka. Juu yake kuna sare, godoro, sanduku na nauli. Katika shule za kutwa serikali hugharimia masomo kwa mgao uliofikia Sh22,244 kwa mwanafunzi, ingawa chakula cha mchana na sare humfuata mzazi.

Msaada upo kwa anayeutafuta kwa wakati. Hazina ya ustawi wa maeneobunge, iliyoanzishwa 2003, hutoa basari, na serikali ya kaunti ina yake. Mpango wa Wings to Fly wa wakfu wa Equity Group, ulioanza 2010, umewalipia maelfu ya wanafunzi werevu wenye uhitaji. Maombi haya huhitaji barua ya chifu, ya mwalimu na mara nyingi ya kiongozi wa dini, nazo haziandikwi kwa siku moja.

Wiki kumi za hatari

Watahiniwa wa 2025 walikaa takriban wiki kumi kutoka karatasi ya mwisho hadi siku ya kuripoti. Ni katika likizo hiyo ya mwisho wa mwaka ambapo, katika miaka inayotangazwa na baraza la wazee, inchama, koo za Abakuria hufanya tohara. Kwa wasichana, tohara hiyo ni ukeketaji. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, visa vingi viliripotiwa Kuria, wasichana wakipitishwa barabarani mchana kweupe.

Baada ya kisu huja posa. Msichana aliyekatwa huhesabiwa kuwa mtu mzima, ng'ombe wa mahari hutajwa, na barua ya shule hukuta bwana harusi amekwisha kufika. Hivyo nafasi iliyotafutwa tangu Gredi ya 6 hupotea bila mtihani wowote kufeliwa.

Sheria haina utata. Sheria ya 2011 inaharamisha ukeketaji na kuweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua Sh200,000. Kumvusha msichana mpaka ili akatwe nchi nyingine ni kosa vilevile. Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Mwenye hofu anaweza kupiga simu 116 bila malipo, au kwenda kwa mwalimu, chifu ama kituo cha polisi.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo: kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walipungua kutoka asilimia 21 mwaka wa 2014 hadi 15 mwaka wa 2022. Lakini takwimu za nchi hazimlindi msichana mmoja aliye nyumbani Desemba. Mzazi aliyeamua amtafutie mahali salama mapema, kabla msimu haujatangazwa, na amjulishe mwalimu wake mipango hiyo.

Barua ikija

Akipangiwa shule ambayo haimfai, kwa umbali, karo au masomo, mzazi asikate tamaa wala asikimbilie wakala wa mitaani anayeahidi nafasi kwa hongo. Baada ya uteuzi wa 2025, Wizara ya Elimu ilifungua kipindi cha maombi ya kubadilishiwa, na ombi lilipitia kwa mkuu wa shule aliyosomea mtoto. Kipindi chenyewe kilikuwa kifupi, kikaangukia sikukuu za Krismasi, wakati wengi hawakuwa wakifuatilia habari.

Na kwa yule aliyepata mimba kabla ya kuripoti, mlango haujafungwa. Miongozo ya Wizara ya 2020 inampa haki ya kurejea masomoni baada ya kujifungua.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Cheti kilichotafutwa mapema, siku ya darasa isiyokosekana, orodha ya shule iliyojazwa kwa akili na Desemba iliyopangwa tangu Agosti, kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa, ndivyo vinavyomfikisha msichana wa Kehancha langoni Januari, sanduku mkononi na barua yake ndani.