Miaka 100 ya Bunge, Tukilitazama Kutoka Ngumbo

Tarehe 7 Desemba 1926, Gavana Donald Cameron alifungua jijini Dar es Salaam kikao cha kwanza cha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wajumbe wote waliteuliwa, hakuna Mwafrika hata mmoja, na lugha ya ukumbini ilikuwa Kiingereza. Wazee wetu wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, wavuvi wa usipa na wakulima wa mihogo, walitungiwa sheria na watu ambao hata wangeketi nao ukumbi mmoja wasingewaelewa. Ilipita miaka 19 ndipo Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali wakateuliwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikipa chama cha TANU viti 70 kati ya 71, na uhuru ulipopatikana baraza likawa Bunge. Lakini kwangu siku kubwa kuliko zote ni 10 Desemba 1962, Rais Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili. Kitini alikuwa Spika Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Chifu Mkwawa, yule aliyepigana na Wajerumani. Sasa mtu wa pwani ya ziwa aliweza kusikiliza mambo yake yakijadiliwa bila mkalimani.

Mwaka 1963 Bunge liliwaondolea machifu mamlaka. 1965 likapitisha mfumo wa chama kimoja, 1992 likaufuta. Kiti cha Spika hakikukaliwa na mwanamke hadi 2010, alipochaguliwa Anne Makinda.

Sheria iliyoingia hasa majumbani mwetu ni ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Iliipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, ikaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kwetu, ambako shamba la marehemu lilizoeleka kwenda kwa kaka na baba wadogo, hilo si jambo dogo.

Tangu 2005 sauti yetu bungeni ilikuwa ya Kapteni John Komba wa Mbinga Magharibi, ambaye nchi nzima ilimjua kwa nyimbo za kikundi cha TOT. Alifariki Februari 2015. Uchaguzi wa mwaka huohuo, jimbo likiitwa Nyasa, ulimpeleka Mhandisi Stella Manyanya.

Wakati wote huo wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha hilo: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo sheria za zamani zimekuwa zikitafsiriwa, nami natamani ile ya ardhi ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, mahali ambapo mjane anaweza kusimama akaisoma mwenyewe.