Corvette: gari la Kimarekani lililovuliwa bendera



Yakizungumzwa magari ya spoti ya Marekani, jina linalotangulia ni Corvette. Watu hulisifu kuwa ni Umarekani mtupu: injini ya V8, boneti refu, barabara iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Mimi sibishi. Lakini ukiisoma historia yake taratibu utakuta mambo ambayo sisi tunaoishi ugenini tuna haki ya kuyatazama kwa jicho letu. Hoja yangu ni kwamba gari hili lisingekuwa hili tunalolijua lau si watu ambao Marekani yenyewe ilikuwa haijakata shauri kama ni wake au si wake.

Tuanze na nembo, maana hapo pana kichekesho. Mchoraji Robert Bartholomew alipoitengeneza nembo ya kwanza aliweka bendera mbili zilizopishana: moja ya mirabamiraba kama ile ya mbio za magari, na ya pili bendera ya Marekani. Siku 4 kabla ya gari kuonyeshwa, ikagundulika kuwa bendera ya taifa hairuhusiwi kutumika kama alama ya bidhaa. Mbio mbio ikaondolewa, badala yake wakaweka alama ya Chevrolet pamoja na ua la yungiyungi, lile la wafalme wa Ufaransa, kwa kuwa jina Chevrolet asili yake ni ya Kifaransa. Louis Chevrolet mwenyewe alizaliwa Uswisi mwaka 1878. Hata neno "corvette", alilolipendekeza Myron Scott, ni la manowari ndogo yenye kasi, na limetoka Kifaransa. Kwa hiyo gari lililokuja kuwa alama ya taifa lilitoka mlangoni limevuliwa bendera ya taifa na kuvishwa ua la wageni!

Wazo la gari lilikuwa la Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, Mmarekani mzaliwa wa Hollywood. Baada ya Vita Vikuu vya Pili askari walirudi kutoka Ulaya na hamu ya magari madogo ya Kiingereza kama MG, na Earl akaona kwamba Marekani haina lake. Urefu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukawekwa inchi 102, sawasawa na Jaguar XK120. Gari likaonyeshwa Januari 1953 kwenye maonyesho ya Motorama, hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Watu wakalipenda, na tarehe 30 Juni mwaka huohuo la kwanza likatoka kiwandani Flint, Michigan.

Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, kwa mkono kwa sehemu kubwa. Yote meupe, ndani mekundu, paa la turubai jeusi. Bodi haikuwa ya chuma bali ya faibaglasi, kwa sababu kuchonga kalibu za chuma kwa magari machache namna ile kungekuwa hasara. Faibaglasi ilileta mambo yake. Haipitishi umeme, kwa hiyo taa na redio zilihitaji waya wa ziada wa kurudisha umeme, kazi ambayo kwenye gari la chuma hufanywa na bodi yenyewe. Lakini kwa vile haizuii mawimbi, antena ya redio iliwezekana kufichwa ndani ya mfuniko wa buti.

Sasa, uzuri ulikuwa wa macho tu. Chini ya boneti mlikuwa na injini ya silinda 6 yenye nguvu za farasi 150, imeungwa na gia ya otomatiki ya hatua mbili, ile waliyozoea akina baba wa kwenda kazini na kurudi. Milango haikuwa na vishikio vya nje wala vioo vya kupandisha. Bei ilikuwa dola 3,498. Mwaka 1954 kazi ilihamishiwa St. Louis, Missouri, yakatengenezwa magari 3,640, na kiasi cha theluthi moja hayakupata mnunuzi. Mwaka 1955 yakatoka 700 peke yake, wakati Ford walioleta Thunderbird waliuza zaidi ya 16,000. Wenye kampuni wakawa wanafikiria kulizika. Kilicholiokoa, kama wanavyokubali wengi walioandika juu yake, ni fedheha: General Motors ingelifutaje gari lake mwaka uleule ambao mpinzani anavuna?

Hapo ndipo anapoingia Zora Arkus-Duntov. Niondoe kwanza kosa moja linalorudiwa sana mitandaoni, eti yeye ndiye aliyelibuni Corvette. Hapana. Wakati gari linaonyeshwa Waldorf-Astoria, yeye alikuwa miongoni mwa watazamaji. Alilipenda umbo, akaisikitikia mashine iliyokuwa ndani, akamwandikia barua Ed Cole, mhandisi mkuu wa Chevrolet. Mei 1953 akaajiriwa.

Alikuwa mtu gani? Alizaliwa Brussels siku ya Krismasi mwaka 1909, wazazi wake Wayahudi wa Kirusi. Utoto wake aliupitisha Urusi, mapinduzi yakamkuta hukohuko, na mwaka 1927 familia ikahamia Berlin, ambako alisomea uhandisi. Majina yake mawili ya mwisho ni ya baba mzazi na ya baba wa kambo, yote aliyabeba. Vita vilipoanza alijiunga na jeshi la anga la Ufaransa. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alitoroka na jamaa zake, wakapitia Hispania na Ureno, wakapanda meli kwenda New York. Lafudhi yake haikumtoka mpaka mwisho. Nadhani wengi wetu tunamjua mtu wa namna hii, na baadhi yetu tunamwona kila tukijitazama kwenye kioo.

Desemba 1953, akiwa mgeni hata mwaka hajamaliza, aliwaandikia wakubwa waraka kuhusu vijana. Aliwaeleza kwamba vijana wanaochezea injini na kuyapa magari kasi wote wanasoma na kuota Ford, na kwamba Chevrolet wakitaka kuwapata wawauzie vipuri vya mbio vilivyokwisha tayarishwa kiwandani. Hebu fikirini: mtu wa miaka 43, mwenye Kiingereza cha lafudhi nzito, anawafundisha watu wa Detroit tabia za watoto wao wenyewe! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.

Na mwenyeji akapona kweli. Mwaka 1955 injini mpya ya V8, kazi ya Cole na wenzake, ikaingia kwenye Corvette na farasi 195. Mwaka 1957 ikaja ya kupuliza mafuta bila kabureta, jambo ambalo Duntov alilihangaikia sana: inchi za ujazo 283, farasi 283, yaani farasi mmoja kwa kila inchi. Katikati ya hayo, mwaka 1956, alivunjika mgongo akijaribu gari, akarudi kazini amefungwa mwili mzima. Mwaka 1960 Corvette ya timu ya Briggs Cunningham ikashinda daraja lake kule Le Mans, Ufaransa.

Mtu wa pili ni Larry Shinoda. Huyu hakuwa mhamiaji, alizaliwa Los Angeles mwaka 1930. Lakini wazee wake walikuwa wa asili ya Kijapani, na baada ya Pearl Harbor serikali ya nchi aliyozaliwa ilimfungia kwenye kambi ya Manzanar, jangwani California, pamoja na maelfu ya raia wenzake. Kijana huyo ndiye, chini ya bosi wake Bill Mitchell, aliyelipa umbo Corvette Sting Ray ya mwaka 1963, ile yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa na uti katikati. Duntov aliupinga ule uti kwa kuwa unamziba dereva asione nyuma. Mitchell akashikilia, lakini mwaka 1964 uti ukaondolewa. Leo wakusanyaji wanautafuta ule wa 1963 kama dhahabu.

Lakini jambo kubwa la Duntov lilikuwa jingine: alitaka injini ihamishwe, ikae nyuma ya dereva, mbele ya magurudumu ya nyuma. Sababu zake ni za kihandisi. Uzito ukikaa karibu na magurudumu yanayosukuma, tairi hushika barabara vizuri zaidi, na gari hukata kona kwa wepesi kwa kuwa kitu kizito kiko katikati. Mwaka 1960 alitengeneza CERV I ya kiti kimoja kuonyesha inawezekana. Mwaka 1970 XP-882 ikaonyeshwa New York, na mwaka 1973 nyingine ikapelekwa Paris. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: gari linauzika, kwa nini tugharamike? Na kibiashara hawakukosea. Katikati ya miaka ya 70 injini ya kawaida ilishuka hadi farasi 165, lakini mwaka 1979 yalitengenezwa magari 53,807, rekodi ya mwaka mmoja. Duntov alistaafu mwaka 1975 bila kupewa alichokiomba. Akafariki Detroit mwaka 1996, na majivu yake yamewekwa katika Jumba la Makumbusho la Corvette, Bowling Green, Kentucky, mji ambao gari linatengenezwa tangu 1981.

Jumba hilo lina vituko vyake pia. Ndimo ilimo Corvette pekee ya mwaka 1983. Mwaka huo modeli mpya ilichelewa, yakatengenezwa magari 43 ya majaribio, hakuna lililouzwa, na hilo moja ndilo lililobaki. Tena tarehe 12 Februari 2014 sakafu ilibomoka alfajiri, shimo likameza magari 8, mojawapo likiwa Corvette ya milioni moja, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa nyeupe na nyekundu ndani kama zile za mwanzo. Matatu yalitengenezwa upya, matano yakaachwa vilevile yalivyopondeka.

Tarehe 18 Julai 2019 ikazinduliwa Corvette ya kizazi cha 8, na injini iko nyuma ya dereva. Ilikuwa miaka 59 tangu CERV I na 23 tangu mzee azikwe. Bei ya kuanzia ilikuwa chini kidogo ya dola 60,000, na toleo la ZR1 lililotangazwa mwaka 2024 lina farasi 1,064. Kwa wenzetu wa Uingereza, na kwetu Afrika Mashariki tunakoendesha kushoto, ndiyo Corvette ya kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia.

Husemwa mvumilivu hula mbivu. Duntov alivumilia, mbivu wakala wengine. Na hilo ndilo ninalotaka tulibishane, si farasi wala kasi. Nchi ya ugeni huweza kuichukua kazi ya mgeni, ikaipenda, ikaiita yake kabisa, huku yeye ikimjibu "bado" mpaka anaingia kaburini. Je, ndiyo kukubaliwa huko, au ni kitu kingine? Nawaachia uwanja.