Kitako, Kifyatulio na Sajili: Nani Ana Mamlaka ya Kuiainisha Silaha Marekani?

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 14 Juni 2024, katika shauri la Garland dhidi ya Cargill, ina michoro ya kifyatulio cha bunduki, kipande kwa kipande. Majaji walitakiwa kuamua kama bunduki ya kawaida inageuka kuwa ya rashasha inapofungwa kitako kinachocheza mbele na nyuma, hata kila risasi inapotoka msukumo wake ukirudishe kifyatulio kwenye kidole cha mpigaji. Sita walisema hapana, watatu wakasema ndiyo. Makala haya yanashikilia kwamba wale sita walikosea katika kuisoma sheria. Hata hivyo, lawama kubwa zaidi ni ya Bunge, ambalo limewaachia maofisa wa serikali kutunga sheria kwa kisingizio cha kuitafsiri.

Sheria yenyewe, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1934, inaiita ya rashasha bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja, yenyewe, kwa tendo moja la kifyatulio. Jaji Clarence Thomas alilitafuta tendo hilo ndani ya chuma: kifyatulio hurudi mahali pake baada ya kila risasi, basi kila risasi ina tendo lake. Jaji Sonia Sotomayor, aliyewaandikia wachache, alimtazama mtu aliyeishika bunduki. Huyo huvuta mara moja, huendelea kuusukuma mtutu mbele, na risasi humiminika mpaka aache au ziishe. Naafikiana na Sotomayor. Sheria ile ilitungwa ili mtu mmoja asiweze kumwaga risasi juu ya halaiki, na hilo ndilo lililotokea Las Vegas tarehe 1 Oktoba 2017. Mtu mmoja mwenye vitako vya aina hiyo alifyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa muda wa takriban dakika kumi. Walikufa watu 58, na majeruhi wawili wakafariki miaka iliyofuata.

Lakini wenye vitako nao walikuwa na hoja nzito. Kwa karibu miaka kumi ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha za moto, ilikuwa ikiandika barua kwamba vitako vya namna hiyo ni halali. Mwishoni mwa 2018 ikageuka: kiteketeze au kikabidhi, la sivyo utakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 10. Bunge halikuwa limebadilisha hata neno moja.

Historia hiyo ilijirudia kwa kishikio cha mkononi kinachofungwa nyuma ya bastola, kilichobuniwa kumsaidia mwenye ulemavu na kuidhinishwa mwaka 2012. Kanuni ya Januari 2023 ilizihesabu bastola nyingi zenye kishikio hicho kuwa bunduki za mtutu mfupi, ambazo lazima zisajiliwe chini ya sheria ya 1934. ATF ilikadiria vishikio milioni 3. Watafiti wa Bunge walitaja kati ya milioni 10 na 40. Maombi ya usajili yaliyopokelewa hadi mwisho wa muda uliotolewa yalikuwa takriban robo milioni tu, na mwezi Juni 2024 mahakama ya Texas ikaifuta kanuni yote. Sajili inayokwepwa na walio wengi haimsaidii mpelelezi wala haimlindi raia.

Je, basi, kila uainishaji wa ATF ni wa kutiliwa shaka? Hasha. Tarehe 26 Machi 2025, katika shauri la Bondi dhidi ya VanDerStok, Mahakama ya Juu iliikubali, kwa kura 7 dhidi ya 2, kanuni inayohusu bunduki zinazouzwa vipandevipande bila namba. Jaji Neil Gorsuch alieleza kwamba mtu asiyewahi kuiona seti moja ya aina hiyo aliiunganisha ikawa bastola kwa dakika 21. Ilikuwa rahisi kumkubalia kwa sababu sheria ya 1968 inataja wazi silaha inayoweza kugeuzwa upesi ikafyatua risasi. Bunge lilipotaja matumizi ya kitu, ofisa alipata pa kusimama. Lilipotaja kifyatulio, mawakili wakakifungua mpaka ndani.

Bunge linaweza kusahihisha likitaka. Januari 1968, katika shauri la Haynes, Mahakama ilisema mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukataa kujisajili iwapo usajili huo unamshitaki mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limeandika upya masharti ili taarifa za sajili zisitumiwe dhidi ya mwombaji, na mwaka 1971 Mahakama ikayakubali. Linganisha na Juni 2024. Jaji Samuel Alito alisema waziwazi kwamba dawa ya vitako ni kurekebisha sheria. Siku nne baadaye mswada ulipelekwa Seneti upitishwe kwa ridhaa ya wote, na pingamizi la seneta mmoja likauzima.

Shauri kubwa linalofuata linahusu sajili yenyewe. Mwaka 1937 Mahakama iliihalalisha sheria ya 1934 kama sheria ya kodi, ambayo ilikuwa dola 200. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kwa viwambo vya kuzuia sauti na bunduki za mtutu mfupi, huku wajibu wa kusajili ukibaki, na walalamikaji wamekwisha kwenda mahakamani kuuliza sajili inasimama juu ya nini. Bunge lisingoje hukumu. Lina mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo. Liitumie kuijengea sajili msingi mpya, na katika sheria hiyo hiyo liandike tafsiri ya bunduki ya rashasha kwa kuangalia kile inachomwezesha mpigaji kufanya.