Namna ya Kuitafiti na Kuiandika Nyumba ya Kale

Mjukuu wangu wa kike anasomea usanifu majengo katika chuo kimoja hapa Ghuba. Alinipa nisome insha yake juu ya nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja. Lugha ilikuwa nzuri, lakini sikukuta humo jambo ambalo sikuwahi kulisoma kwa mwengine. Nilikuwa karani wa masjala kwa zaidi ya miaka 30, na walimu wangu wa skuli ya misheni walinifunza mapema kuwa nakala ya nakala huzaa makosa. Nayaandika haya kwa ajili yake na wenziwe.

Nyumba yenyewe

Nyumba ni waraka wa mwanzo. Ingia na futi na daftari, upime kila chumba kabla ya kufungua kitabu. Utaona vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Upana wake aghalabu hauzidi mita 3. Sababu ni dari: hubebwa na boriti za mikoko, na mti huo una kikomo chake. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini Rufiji na Lamu kuja kuezekea nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait. Kwa hiyo mwanafunzi aliye huku anaweza kuanza na nyumba kongwe ya mtaa wa jirani. Andika pia kuta za matumbawe na chokaa, baraza, zidaka, na kila mlango ulioonekana kuzibwa baadaye.

Karatasi

Tafuta hati za kuuziana, za wakfu, ramani na barua. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, ni pahala pa kuanzia. Lakini karatasi na maandishi ya ukutani yapimwe. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi, ilhali sehemu kubwa ya jengo tunaloliona leo ilijengwa upya karne ya 18.

Kuhoji

Waandishi wengi wa zamani waliamini kuwa majengo ya mawe ya pwani yaliletwa yakiwa kamili na wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya miti na udongo iliyotangulia, ya tangu karne ya 8. Hoja ikabidi ibadilike: ujenzi ule ulikua pale pale, hatua kwa hatua.

Hilo haliondoi mchango wa wazee wetu wa Kiomani. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ni ushahidi tosha. Lakini mhakiki hauliza mwenye nyumba peke yake. Huuliza nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe, na nani alilala chini. Watumwa walikuwamo, tusilifiche.

Watu

Waulize wazee, uandike jina la msemaji na tarehe, kisha ulinganishe. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Kwetu tulisema siku zote kuwa nyumba ya Malindi aliijenga babu. Nilipofungua sanduku la marehemu dada yangu, nikakuta hati ya wakfu: aliyeijenga ni bibi yake babu, akaiweka wakfu kwa binti zake. Miaka 40 niliwasimulia watoto jambo lisilo kweli, na jina la yule mama likapotea midomoni mwetu.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Ukuta ukianguka, kinachobaki ni vipimo, picha na maneno yaliyoandikwa. Masanduku ya aina ile yamo katika nyumba nyingi hapa Maskati. Yafungueni pamoja na wajukuu, mpige picha kila hati, na muwasomee mkono wa zamani ambao wao hawauwezi.