NDEGE NDOGO ILIYOVUKA BAHARI KUBWA
Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kaa kitako, tusafiri pamoja.

Leo nataka kukupeleka mbali, hadi kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Tarehe ni 9 Agosti, mwaka 2003, na saa ni 1:45 jioni kwa majira ya huko. Katika rasi iitwayo Cape Spear amesimama mzee wa miaka 77. Macho yake yamefifia hata sheria ya kwao yamhesabu kuwa kipofu, na masikio yake hayasikii vema. Mikononi ameshika ndege ndogo ambayo mabawa yake, toka ncha hata ncha, hayafiki mita 2. Anaitupa mbele kama mtu arushaye mkuki. Ndege yashika upepo, yapanda, yaelekeza pua yake Ulaya. Mbele yake ni maji matupu, kilomita 3,000 na zaidi. Ndani yake hamna mtu.

Mzee huyo ni Maynard Hill, Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya metali aliyestaafu. Je, ndege yake ilifika? Nitakuambia. Lakini kwanza yatupasa tujue ndege isiyo na rubani ilipataje akili ya kwenda peke yake. Akili hiyo haikuzaliwa siku moja. Ni maarifa matatu yaliyopatikana kwa nyakati mbalimbali.

Kutii amri ya mbali

Maarifa ya kwanza ni kutii amri bila kamba. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda majini bila mtu ndani. Aliiamrisha kwa mawimbi ya redio.

Kuifanya ndege itii kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa mashua ikikosea huelea, bali ndege ikikosea huanguka. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Kimarekani, Walter na William Good, walifaulu huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan. Walter alishughulika na ndege, William na redio. Redio za siku zile zilikuwa nzito na betri zake nzito, basi ndege yao, waliyoiita Guff, ilihitaji mabawa marefu ya kuubeba mzigo huo. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Mpaka leo njia ni ile ile. Mrushaji ana kisanduku cha amri chenye vijiti viwili. Akisukuma kijiti, kisanduku hutoa wimbi. Kipokezi kilicho ndani ya ndege hulipokea na kuamrisha mota ndogo. Mota huvuta usukani. Lakini hapa pana shida moja kubwa: mtu hana budi aione ndege yake. Ikishakuwa nukta angani, hajui tena kama yamjia au yamkimbia.

Kushika mizani

Umemwona mtoto akicheza pia. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, na hata ukiigusa haikubali kulala. Maarifa ya pili yametoka katika mchezo huo. Chombo kiitwacho jairoskopu ni pia ya chuma iliyofungwa katika fremu. Ndege ikiinama, pia haiinami nayo, na kwa tofauti hiyo mtambo hujua kuwa ndege imelala upande na kuinyosha.

Tarehe 18 Juni 1914, huko Bezons karibu na Paris, palikuwa na mashindano ya usalama wa ndege. Kijana wa Kimarekani, Lawrence Sperry, mwenye miaka 21, alipita juu ya mto Seine mbele ya waamuzi na kuinua mikono yake yote miwili. Kisha fundi wake, Emil Cachin, akatembea juu ya bawa. Ndege ilipaswa kulala upande wa fundi, haikulala. Mtambo uliisawazisha wenyewe.

Lakini usisahau mwisho wake. Mwezi Desemba 1923 Sperry alitoka Uingereza kuvuka mlango wa bahari kwenda bara, ndege ikatua majini naye akafa. Mtambo ushikao mizani hushika mizani tu. Hauzuii mabaya mengine yote.

Kujua mahali

Maarifa ya tatu ni kujua uko wapi. Manahodha wetu wa zamani walitazama nyota. Ndege ya leo nayo yatazama nyota, ila nyota zake zimetengenezwa na watu. Mwaka 1995 Marekani ilitangaza kuwa mpango wake wa setilaiti 24 umekamilika. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi hupima jinsi habari zilivyochelewa kufika, na kikipata setilaiti 4 hujua mahali kilipo duniani na urefu wake kutoka chini.

Yaunganishe maarifa haya matatu: ndege yatii, yashika mizani, yajua ilipo. Sasa waweza kuiandikia njia, nayo ikaifuata. Tarehe 20 na 21 Agosti 1998 ndege iitwayo Laima, chombo cha aina ya Aerosonde cha kupimia hali ya hewa, chenye uzito wa kilo 13 hivi, ilitoka Newfoundland na kushuka Uskoti baada ya saa 26 na dakika 45. Ndiyo ndege ya kwanza isiyo na mtu iliyovuka bahari ya Atlantiki. Hill alitaka kufanya safari kama hiyo kwa kitu kidogo zaidi.

Hesabu ya kilo 5

Hill hakuwa mgeni katika kazi hii. Mwaka 1970 alipandisha ndege ya mfano hadi mita 8,205. Kumbuka kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Sasa alitaka kuvuka Atlantiki kwa kufuata kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya angani, zilizosema kwamba ndege ya mfano, pamoja na mafuta yake, isizidi kilo 5.

Fikiri nami hesabu hii. Kilo 5 ni mfuko mmoja wa unga. Ndani ya mfuko huo utie mabawa, injini, mitambo ya redio, betri, na mafuta ya kutosha usiku mmoja, kisha mchana mzima na usiku mwingine, na zaidi. Hill alitumia mti wa balsa, ambao ni mwepesi mno, na utando mwembamba wa plastiki. Injini ilikuwa ndogo, ya sentimita 10 za ujazo, naye akairekebisha inywe mafuta kidogo kidogo. Mafuta yenyewe yalikuwa petroli iliyosafishwa sana, ya aina itiwayo katika taa na majiko ya kambini. Ilipojazwa, karibu nusu ya uzito wa ndege ilikuwa mafuta.

Macho yalipomwacha, aliunda kwa vidole. Wenzake wengi walimsaidia, na majaribio walifanya katika shamba la mkulima mmoja aitwaye Beecher Butts. Ndiyo maana ndege ile iliitwa The Spirit of Butts Farm, ingawa jina lake la kazi lilikuwa TAM-5. Na hiyo tano yatueleza jambo. Agosti 2002 walirusha mara tatu, na mara tatu walishindwa. Mwaka 2003 wakarusha ya nne; nayo ikapotea. Mtu angeweza kusema, "Ajali haina kinga," akaenda zake nyumbani. Wao hawakusema hivyo.

Kazi kabla ya safari

Hapa, msomaji, ndipo penye moyo wa somo letu. Watu hudhani kuwa ndege ijiongozayo humpunguzia mtu wajibu. Sivyo. Wajibu haupungui, wahama tu. Rubani aliye ndani ya ndege aweza kusahihisha kosa akiwa hewani. Lakini chombo ulichokiachia kijiongoze, kosa lake ulilifanya chini, jana au juzi, mezani pako. Basi hata ukirusha ndege ndogo kiwanjani, fanya kama waendao mbali.

Kwanza, pima mizani. Weka vidole chini ya mabawa mahali palipotiwa alama. Ndege na isimame sawa, au pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka, usirushe. Na kwa kuwa mafuta hupungua njiani, tangi huwekwa karibu na kituo cha uzito, ili ndege isije ikabadilika tabia kadiri inavyokunywa.

Pili, washa kisanduku cha amri kwanza, ndege baadaye. Na wakati wa kuzima, zima ndege kwanza. Ukigeuza utaratibu huo, ndege yaweza kukaa na masikio wazi bila bwana wa kuiamrisha, na panga lake likaanza kuzunguka mikononi mwako. Panga la mbele hukata vidole. Usisimame mbele yake, wala pembeni kwenye mstari wake.

Tatu, jaribu mtambo wa kujiongoza ukiwa umeishika ndege mkononi. Inua bawa la kulia. Mtambo mzima utasogeza vibawa ili bawa hilo lishuke. Ukivisogeza kinyume, shukuru kuwa umegundua ungali chini, maana angani ungeipindua ndege.

Nne, mpe mwenzio ndege, nawe uende mbali na kisanduku chako, uone kama bado yakusikia. Tano, ngoja hadi kipokezi kipate setilaiti zake na kujua mahali pa nyumbani. Ndege isiyojua kwao haiwezi kurudi kwao. Sita, amua mapema ifanye nini ikipoteza sauti yako: irudi, izunguke, au ishuke. Usipoamua wewe, bahati itaamua.

Mwisho, chagua uwanja usio na watu, na urushe kwa mkono wako kwanza. Ikishapanda juu na kutulia, ndipo umwachie mtambo, kidole chako kikiwa tayari kuichukua tena. Kitu cha kilo 5 kiendacho kilomita 70 kwa saa si mchezo kikianguka juu ya mtoto.

Siku mbili za kungoja

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Cape Spear. Hill alipoitupa ndege, mwenzake aliye chini aliiongoza kwa redio mpaka ilipopanda, kisha akaiachia mtambo. Ikaenda, kiasi cha mita 300 juu ya maji, katika giza. Kazi ya wanadamu ikawa kungoja. Habari za safari zilikuja kwa setilaiti, na ilipotokea kwamba hazikuja kwa saa kadhaa, wengi walidhani imekwisha zama kama ndugu zake. Kisha habari zikarudi. Ilikuwa bado yaenda.

Hawakuchagua njia ile ovyo. Pepo za huko huvuma sana kutoka magharibi, zikaisukuma mgongoni. Tena ni njia yenye heshima: mwezi Juni 1919, John Alcock na Arthur Brown walitoka Newfoundland wakatua katika kinamasi karibu na Clifden, nchini Ireland, wakawa wa kwanza kuruka Atlantiki bila kutua njiani. Karibu na Clifden hapo hapo, katika ufuko wa Mannin, Dave Brown alisimama na kisanduku chake akitazama magharibi.

Tarehe 11 Agosti, saa 8 na dakika chache mchana, ndege ilitokea. Brown aliichukua kwa redio akaitua salama. Ilikuwa imekaa hewani saa 38 na dakika 52, na kwenda kilomita 3,028. Ndani ya tangi yalibaki mafuta ya vijiko vichache tu. Hill alikuwa ng'ambo ile ya bahari, wala macho yake yasingaliweza kuiona. Alifariki mwaka 2011.

Nasi tujifunze nini

Angalia jambo hili: safari nzima ndege ilikwenda peke yake, lakini mwanzo ulikuwa na mtu na mwisho ulikuwa na mtu. Chombo kikiondoka bila mwenye kukingoja, hicho si chombo kinachosafiri, ni chombo kilichopotea.

Kazi hii imefika kwetu Afrika. Tangu Oktoba 2016, huko Muhanga nchini Rwanda, ndege ndogo zijiongozazo zilianza kupeleka damu hospitalini, zikiangusha furushi kwa mwavuli. Ndege zenyewe zina mwavuli wa kuzishusha taratibu zikipata hitilafu. Yaani waliozitengeneza walijiuliza mapema: itakuwaje mambo yakiharibika? Jiulize hivyo nawe. Na kabla ya kurusha, iulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako ni kibali gani kinachotakiwa, maana anga si uwanja wa mtu mmoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja maarifa matatu yaliyoiwezesha ndege kwenda peke yake.
2. Kwa nini ndege ijiongozayo yataka uangalifu mwingi zaidi kabla ya kuruka?
3. Hill alishindwa mara nne. Je, katika kazi yako, ni kosa lipi lililokufundisha kuliko kufaulu?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni wapi pangefaa kurushia ndege ndogo, na ni wapi pasipofaa kabisa? Toeni sababu.