Chemshabongo za maneno

Chemshabongo za maneno ni maswali mafupi ambayo ugumu wake haumo katika jambo linaloulizwa bali katika namna lilivyosemwa. Mara nyingi anayeulizwa analijua jibu. Kinachomkwamisha ni neno moja lililowekwa makusudi mahali pa kumpoteza. Hapo ndipo zinapoachana na vitendawili. Atakayeitikia "Tega!" anajua anakwenda kusikia sitiari: nyumba yangu haina mlango, jibu yai, na akishindwa, atatoa mji. Chemshabongo haina sitiari. Maneno yake yana maana ileile ya kila siku, ndiyo maana aliyenaswa hujiona ameonewa mpaka asomewe swali upya, polepole.

Mfano unaojulikana sana ni huu: baba yake Juma ana watoto wanne, wa kwanza anaitwa Januari, wa pili Februari, wa tatu Machi, je, wa nne anaitwa nani? Wengi hukimbilia Aprili. Jibu ni Juma, na jina lake lilitangulia yote. Miezi mitatu imepangwa ili msikilizaji aanze kuhesabu na asahau alichosikia mwanzo. Swali la ndege hutumia njia tofauti: ndege kumi wametua mtini, mwindaji akampiga mmoja risasi, wamebaki wangapi? Anayejibu tisa amepiga hesabu sahihi ya swali ambalo hakuulizwa. Mtini hakubaki hata mmoja, maana mlio wa bunduki umewatimua wote.

Mchezo huu ni wa kale. Mkusanyo wa maswali ya Kilatini unaonasibishwa kwa Alcuin, mwalimu aliyefariki mwaka 804 baada ya kutumikia katika baraza la mfalme Karolo Mkuu, unauliza ng'ombe aliyelima kutwa anaacha nyayo ngapi katika mtaro wa mwisho. Haachi hata moja: yeye hutangulia, plau hufuata nyuma na kuzifukia. Mkusanyo huohuo una swali la kuwachinja nguruwe kwa siku tatu, kila siku idadi isiyogawanyika kwa mbili, ilhali jumla yao inagawanyika. Haliwezekani, na limeandikwa kwa ajili ya kuwakomesha wanafunzi wajuaji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, swali la ng'ombe ni bora mara nyingi kuliko la nguruwe, kwa sababu lina jibu, na jibu hilo liko wazi kwa kila aliyewahi kusimama shambani.

Uingereza kuna wimbo mashuhuri wa watoto kuhusu msafiri anayekwenda St Ives. Anakutana na mtu mwenye wake saba, kila mke ana magunia saba, na ndani yake paka na vitoto vyao, yote kwa saba saba. Swali la mwisho ni wangapi waliokuwa wakienda St Ives. Jibu lililozoeleka ni mmoja, yaani msimulizi, kwani wengine alikutana nao tu. Hesabu ya namna hiyo ya saba zinazozidishwa imo pia katika mafunjo ya Rhind ya Misri, yaliyonakiliwa miaka ipatayo 1550 kabla ya Kristo, lakini huko jumla ya 19,607 ilitafutwa kwa dhati. Ni maneno ya mwisho ya wimbo yanayoigeuza hesabu kuwa mtego.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1981 Thomas Erickson na Mark Mattson waliwauliza watu Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina. Wengi walijibu wawili, ingawa walijua vyema kwamba mwenye safina ni Nuhu. Musa anafaa kwa mtego huu kwa kuwa naye ni nabii wa kale mwenye kisa cha maji. Jina lisilohusiana kabisa lingemshtua msikilizaji papo hapo. Mwaka 2005 Shane Frederick alichapisha jaribio la maswali matatu, mojawapo likilingana na hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari linaizidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani? Mia moja huja mdomoni yenyewe, lakini jibu ni 50.

Kwa Kiswahili, mtunzi hubanwa na upatanisho wa kisarufi. Paa wa porini amekimbia, paa la nyumba limevuja. Kaa wa pwani anatambaa, kaa la moto linaunguza. Kiambishi kimoja tu humfichua aliyekusudiwa, hivyo ni lazima sentensi ikatwe kabla hakijajitokeza. Upande mwingine lugha inamsaidia. Kile kisa cha daktari anayekataa kumpasua majeruhi kwa kuwa ni mwanawe, ilhali baba wa majeruhi amefia ajalini, husimulika bila kukwepa chochote, maana "yeye" na "mwanangu" havionyeshi jinsia. Daktari ni mama yake.

Chemshabongo halali haisemi uongo; muulizaji anayeficha habari au kubadili swali katikati amedanganya tu. Kipimo kizuri ni kisa cha wageni watatu waliolipa shilingi 30,000 za chumba, kila mmoja 10,000. Mwenye nyumba akagundua kuwa bei ni 25,000, akampa mhudumu 5,000 awarudishie. Mhudumu akaficha 2,000 na kumpa kila mgeni 1,000. Sasa kila mmoja amelipa 9,000, jumla 27,000. Ongeza 2,000 za mhudumu, zinakuwa 29,000. Elfu moja iko wapi? Kila tarakimu ni ya kweli. Kosa limo katika neno "ongeza": zile 2,000 zimo tayari ndani ya 27,000, na zilipaswa kutolewa, zibaki 25,000 alizo nazo mwenye nyumba. Hakuna shilingi iliyopotea.